Waya Kutoka Kitanda cha Baba

Kitu kilikuwa kinaburutwa juu ya bati. Kilikwaruza, kikatulia, kikakwaruza tena, kikitokea nyumba za majirani na kuja upande wa chumba cha baba. Nilikuwa nimechuchumaa uani nafua mashuka, povu limenifika viwikoni, nikadhani kunguru wamepata mfupa wanaugombea. Kisha kile kitu kikakohoa.

Nilipozunguka mbele niliona kwanza nyayo mbili zenye vumbi, halafu kaptura ya karakana ya reli, halafu baba mdogo mwenyewe, amelala kifudifudi juu ya paa letu, ncha ya waya mweusi ameibana kwa meno.

"Shikamoo baba mdogo."

Alijibu marahaba bila kuuachia waya, ikatoka kama sauti ya mtu anayeongea usingizini. Alipoutoa mdomoni aliniambia nimwambie kaka yake asishtuke, kwa sababu sasa anatoboa fremu ya dirisha.

"Huo waya wa nini?"

"Wa kukufungua wewe," akasema. "Ukimaliza kufua njoo unishikie ngazi."

Baba alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishonea watu wa Kanyenye kanzu zao za Idi na magauni ya arusi, akiwa kwenye baraza ya duka la kona, na alikuwa na sifa moja ambayo watu waliitania na kuiheshimu: hakuwahi kumpima mtu mara mbili. Babu yake alikuja mji huu akiwa mpagazi, akaenda pwani na kurudi mara nyingi kwa njia ya misafara, na katika ukoo wetu ilisemwa kwamba yule mzee hakuwahi kuomba atuliwe mzigo kabla ya kambi. Baba alipenda kulisimulia hilo. Halafu asubuhi moja, katikati ya pindo la shuka la mteja, mkono wake wa kulia ulianguka juu ya meza ya cherehani na haukuinuka tena. Mguu nao ukafuata. Mdomo ulipinda kidogo, lakini maneno yalibaki.

Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya hapo, nami nilikuwa chuo cha ualimu. Dada zangu wawili waliolewa mbali, mmoja Kigoma na mwingine Mpanda, wana watoto wanaowang'ang'ania. Kwa hiyo nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani na cheti changu ndani ya bahasha, nikakiweka juu ya kabati, nikashika beseni.

Kulikuwa na njia yetu, mimi na baba, ya kufanya yale ambayo binti hafanyi kwa baba yake. Nilimfunika kanga toka kifuani hadi magotini, nikafanya kazi yangu chini ya kanga bila kutazama, naye akageuza uso ukutani na kunitahini juu ya nguo. Kanzu ya mtu mnene mfupi inataka kitambaa kiasi gani? Mkono wa joho unakatwa vipi ili usijikunje kwapani? Nilijibu, alinikosoa, na tulipomaliza jibu shuka lilikuwa limekwisha badilishwa. Hatukuwahi kupanga hivyo. Ilitokea siku ya kwanza kwa sababu ya aibu, ikabaki.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wanahama. Vijiji vipya vilikuwa vinapangwa pembezoni mwa barabara, nyumba kwa mistari, shamba moja la wote, na redio ikituambia kila asubuhi kwamba tunajenga. Mimi niliamini. Siandiki hili kwa kejeli. Nilikuwa na miaka ishirini na nilipoletewa barua ya kupangiwa kazi, shule ya kijiji huko Choma, wilaya ya Igunga, niliisoma nikiwa nimesimama uani na miguu yangu ikawa miepesi. Halafu nikasikia baba anakohoa.

Niliomba nibaki mjini. Nikajibiwa kwamba walimu ni wachache na wagonjwa ni wengi, ila nitapewa muda mfupi nitafute mtu wa kumtunza. Aliyekuja na ufumbuzi ni tabibu msaidizi mmoja kijana, aliyekuwa anazungukia wagonjwa wa majumbani kwa baiskeli. Tatizo lake lilikuwa kubwa kuliko letu. Katika vijiji vipya kila mwenye nguvu alitakiwa shambani toka asubuhi, na waliopooza, vipofu wazee, wenye ukoma wasio na vidole, walibaki ndani peke yao. Alikuwa akifikiri: kama nyumba zimepangwa kwa mstari, waya mmoja unaweza kupita zote, na mtu mmoja aliyebaki nyumbani akasikia wagonjwa kumi. Baba mdogo, aliyekuwa karakana ya reli, alimwambia kwamba kengele za zamani za vyumba vya ishara za treni zimejaa kwenye lundo la vyuma chakavu, na betri za redio zinatosha kuziliza.

Wakakubaliana kengele ijaribiwe kwanza kwetu. Iliundwa kamati ya watu watano. Mwezi mmoja wa majaribio, daftari la kuandika kila kengele inapolia, na mwisho wake tathmini. Tabibu alinieleza mbele ya baba, bila kuficha: kengele ikionekana haifai, ataandika barua mwenyewe niachwe kwenye shule ya mjini. Ikionekana inafaa, sina sababu ya kubaki, nitakwenda Choma.

"Na mimi naulizwa?" baba akasema.

"Wewe ndiye utakayebonyeza, mzee. Wewe ndiye mkubwa wa kazi yote hii."

Baba alimtazama toka juu hadi chini. "Nani kakukatia hiyo suruali?"

"Nilinunua dukani, mzee."

"Alikuonea. Mguu mmoja unakwenda Ujiji, mwingine unarudi."

Tabibu alicheka hadi akakaa kitandani. Nilimpenda kwa hilo. Hakuwa mtu mbaya, na hakuna mtu mbaya katika haya ninayoyasimulia.

Waya ulikwenda nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa anapika vitumbua na kuviuza hapo hapo barazani kwake. Alichaguliwa kwa sababu moja, kwamba alikuwapo. Wanaume wenye nguvu wa mtaa asubuhi wote walikuwa kazini au sokoni. Yeye jiko lake halikumruhusu kwenda popote, na moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko jiko. Kengele ilipigiliwa juu ya mlango wake wa uani. Kwetu, kitufe cha mbao chenye springi kilifungwa kwenye ubao wa kitanda, upande wa kushoto, mahali ambapo kidole gumba cha baba kilifika bila shida.

Siku ya kwanza tulisimama wote chumbani, tabibu ameshika saa yake. Baba akabonyeza. Hatukusikia kitu. Tukangoja, na baba mdogo alianza kutazama betri zake kwa wasiwasi, mara tukasikia kandambili zinakuja mbio na yule mama akaingia, mikono imejaa unga wa mchele.

"Umekufa, Fundi?"

"Bado."

"Basi usinichezee, vitumbua vyangu vinaungua."

Tabibu aliandika muda. Alifurahi kama mtoto aliyeona treni.

Kwa kuwa jaribio lilitaka niwe mbali, asubuhi nilipewa kufundisha darasa la kisomo cha watu wazima, kutoka saa moja hadi saa sita. Jirani yetu hakujua kuandika. Tulikubaliana kwamba kila kengele ikilia aweke haragwe moja kwenye kopo, nami nikirudi anisimulie kila haragwe lilikuwa la nini, niandike.

Wiki ya kwanza kulikuwa na maharagwe matatu.

"Hili," alisema, akiliweka kwenye kiganja changu kwa heshima, "ni yule mzee wa Ntalikwa aliyekuja kumwamkia. Baba yako kanibonyezea ili nilete kahawa. Hili ni shehe kaja kumsomea dua. Kahawa. Na hili sijui ni nani, mrefu hivi, meno ya dhahabu. Kahawa na vitumbua viwili. Mwanangu, hii ni kengele ya mgonjwa au ya hoteli?"

Niliyaandika. Baba alicheka nilipomsomea. Alisema mgeni hatoki nyumbani kwake na koo kavu ati kwa sababu mwenye nyumba amelala. Wiki ya pili maharagwe manne, ya tatu mawili. Wageni wote. Kwenye safu ya tabibu iliyosema shida ya mgonjwa niliandika, siku baada ya siku, hakuna shida. Tabibu alipopita na kusoma, macho yalimng'aa. Aliniambia alikuwa amehofu wagonjwa watabonyeza kila dakika kwa upweke, wachoshe wasikilizaji. Kumbe mtu akijua msaada upo karibu, anatulia.

Sasa nitaandika yale niliyoyaona na sikuyasoma. Baba aliacha kunywa chai ya asubuhi. Alisema inamkera tumboni. Gilasi ya maji niliyomwachia saa moja niliikuta saa sita imejaa vile vile, na utando mwembamba wa vumbi juu yake. Midomo yake ilipasuka, nikaipaka mafuta ya nazi. Na kila nilipoingia mchana shuka lilikuwa limelowa, naye alisema, huku akigeuza uso ukutani, "Sasa hivi tu, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nami niliamini hiyo sasa hivi tu. Nilidhani mwili wake umezoea saa yangu ya kurudi, na nilikuwa na haraka ya kumwambia nani kati ya wanafunzi wangu, akina bibi wale wenye miwani ya kamba, ameandika jina lake kwa mara ya kwanza.

Wiki ya nne kulitokea msiba mtaani na darasa lote likaenda kuzika. Nilifika nyumbani saa nne. Niliingia polepole nikidhani amelala.

Hakuwa amelala. Alikuwa ametazama dari, kidole gumba kimekaa juu ya kitufe. Hakukibonyeza wala hakukiondoa. Kilikuwa kimekaa hapo muda mrefu kiasi kwamba nilipouinua mkono niliona duara la kitufe limejichora kwenye nyama. Nikaingiza mkono chini ya shuka. Lilikuwa limelowa, na lilikuwa la baridi.

"Tangu saa ngapi, baba?"

"Sasa hivi tu."

"Baba. Limepoa."

Nje mtu alipita akiongea Kinyamwezi kwa sauti kubwa na mwenzake aliye mbali, na tukangoja wote wawili amalize, kana kwamba alikuwa anaongea na sisi.

"Ulipotoka tu," baba akasema.

"Kwa nini hukubonyeza?"

"Ningebonyeza, angekuja."

"Si ndiyo kazi yake kengele?"

"Ndiyo kazi yake. Angekuja."

Nilichukua kanga nimfunike tuanze kama kawaida, na nikangoja swali lake juu ya nguo. Halikuja. Nilifanya kazi yangu na nilipomgeuza nikakiona kidonda kwenye nyonga, upana wa kitako cha kikombe, ukingo mweusi. Asubuhi nilikuwa namgeuza upande wa pili kwa sababu alisema ndio unaomfaa. Nikajua sasa kwa nini.

"Yule mama," alisema akiutazama ukuta, "gauni lake la arusi nilishona mimi. Nilimpima na mumewe amesimama pembeni anaangalia mikono yangu. Mtu mkali, Mungu amrehemu. Nikampima kwa mbali, kwa macho, futi haikumgusa. Mumewe akanipa mkono. Leo aje yeye anifunue?"

"Atakufunika kanga kama ninavyokufunika."

"Wewe nilikuogesha mimi, mama yako akiwa na homa. Ndiyo maana naweza. Yeye sikumwogesha."

Nilimwambia tutahamisha waya. Nilitaja fundi baiskeli, lakini yuko sokoni mchana kutwa. Nilimtaja muadhini. Baba alitikisa kichwa. Nikawataja wazee wa bao wanaokaa baraza ya jirani mwingine, angalau wao wapo.

"Wale kanzu zao zote nimeshona mimi. Wanakuja hapa kuniamkia, wananiita Fundi. Wakishanibadilisha nguo wataniita nani?"

"Basi baba mdogo."

"Baba yako mdogo yuko na magari moshi. Unamjua alipo saa hii?"

Sikujua. Nilichukua daftari nikakaa sakafuni. Nilimwambia kwamba nitaandika kila kitu, maji asiyokunywa ili asilowe, kidonda, shuka la baridi. Tabibu atasoma, ataona kengele haifai, ataandika ile barua, nitabaki. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi hicho.

"Atasoma wapi?"

"Kwenye kamati."

"Kwa sauti?"

Ndivyo ilivyokuwa. Watu watano wangekaa hapo kwenye viti vya kuazima, na mmoja angesoma daftari kwa sauti, neno kwa neno, ili wasiojua kusoma wasikie. Baadaye lingeandikwa upya na kupelekwa ofisini, na kutoka huko vijijini, kama mfano.

"Andika kengele haikulia," baba akasema. "Si uongo. Haikulia."

"Nikiandika hivyo watanipeleka Choma."

"Nenda Choma. Sikukusomesha uje kuwa kitambaa changu cha kujifutia."

"Na wewe?"

"Mimi nitazoea."

Nimeishi na dakika ile miaka kadhaa sasa, na kila nikiigeuza nakuta kitu hicho hicho chini yake. Sehemu yangu ilifurahi. Aliponiambia niende, kabla ya huzuni, kabla ya hasira, miguu yangu ilikuwa miepesi tena kama siku ya barua. Niliandika: hakuna shida. Mwandiko wangu wa siku ile ni mzuri, umenyooka.

Kamati ilikaa Jumamosi. Baba aliomba avishwe kanzu na kofia, akaegemezwa mito mitatu, na alitazama watu wakiingia kama mwenye shughuli. Tabibu alisoma daftari. Ililia mara kumi na moja. Kila mara mtu alifika haraka. Betri hazikubadilishwa. Alisema neno tathmini mara nyingi, na kila mara mwenyekiti wa kamati, mzee aliyekuwa karani wa posta, alitikisa kichwa kukubali.

"Tumsikie msikilizaji," akasema mwenyekiti.

Jirani yetu alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Mimi sina la kusema. Ananisumbua kidogo kuliko kuku wangu. Siku nyingine naitazama kengele najiuliza, imekufa? Nakuja kuchungulia dirishani, namkuta Fundi ametulia ananiambia niende zangu."

Watu walicheka. Nilielewa kwamba alikuwa amekuja, kumbe, bila kuitwa, na baba alimrudisha akiwa amelowa.

"Mwalimu, wewe unasemaje?" tabibu akaniuliza. Alinitazama kwa wema, na karatasi mpya tayari.

Nikasimama. Nikasema, "Kengele kutolia si kwamba..." Nikamtazama baba. Hakunitisha wala hakuniomba. Alikuwa amefumba macho, amekaa na kofia yake safi kichwani, kama mtu aliyeambiwa kwamba atavuliwa na anangoja.

"Si kwamba nini?"

"Si kwamba haifanyi kazi," nikasema. "Inafanya kazi."

"Mzee, umeridhika?"

"Sana," baba akasema. "Mwandikieni na yule wa reli shukrani."

Wakala vitumbua. Kahawa iliitwa kwa kengele, tabibu mwenyewe akibonyeza, na wote wakapiga makofi jirani yetu alipoingia na buli, kwa sababu alikuwa ametangulia kutoka ili aweze kuitwa.

Haki inanitaka niseme na hili. Waya mwingine ulipelekwa kijijini Ntalikwa, kwenye nyumba ya wakulima wa kanisa la Moravian, kwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Nilipita kule likizo iliyofuata. Kengele ilikuwa inalia toka asubuhi. Wajukuu zake, wasichana wakubwa waliokuwa wanapura mtama nyumba ya pili, walikwenda kwa zamu wakilalamika na kucheka, na yule bibi alikuwa mnene, shuka lake kavu, mgomvi, anataka mto, anataka kugeuzwa, anataka kujua nani kapita barabarani. Nilikaa naye nikanywa uji. Nilipotoka nilishindwa kupanda baiskeli, nikaisukuma hadi barabara kuu. Waya ulikuwa wa aina ile ile, na kengele ilitoka lundo lile lile. Tulikuwa tumeandika kila kitu kuhusu kengele isipokuwa nani anaisikia, na kama yule anayeita anaweza kuvumilia kuonekana naye.

Baba hakuifikia likizo ile; aliishi hadi mvua za kwanza tu. Barua ya baba mdogo ilinifikia Choma baada ya mazishi, imeandikwa kwa penseli, nikaisoma mbele ya darasa la tatu kwa sababu tarishi aliniletea hapo hapo. Ilisema kaka hakumsumbua mtu. Ilisema wiki yote ya mwisho kengele haikulia hata mara moja, na kwamba jirani alipoingia na uji asubuhi alidhani bado amelala. Watoto waliniuliza kama ni habari njema. Niliwaambia wafungue vitabu.

Lakini asubuhi niliyoondoka alikuwa hai, na kila nikitaka kumwona namwona asubuhi ile. Lilikuwa lori la pamba linalorudi Igunga tupu, na dereva alikubali kunichukua kama nitafika kabla ya saa mbili. Sanduku langu lilikuwa nje, baba mdogo, aliyekubali kumtunza kaka yake jioni akitoka kazini, analifunga kwenye baiskeli. Nilikuwa nimembadilisha baba, nimekisafisha kidonda na kukifunga, nimemgeuza. Nilimwekea chai karibu na mkono wa kushoto.

"Kunywa, baba."

"Nitakunywa."

"Kunywa nikuone."

Alichukua kikombe, akakigusa mdomoni, akakirudisha. Chai haikupungua. Tulikitazama kikombe kile wote wawili, na tulijua wote wawili.

"Umechukua sweta?" akauliza. "Choma asubuhi kuna baridi, ni uwanda."

"Nimechukua."

"Watoto wa wafugaji hawapendi kukaa ndani. Wafundishie nje."

"Ndiyo, baba."

Baba mdogo aliniita kutoka nje, akasema dereva hangoji mtu. Nilibusu mkono wa baba, ule uliokufa, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na ulikuwa na uzito ambao sikuutegemea. Nikaurudisha juu ya shuka. Nikaenda hadi kizingitini na hapo nikasimama, na kwa muda nilifikiri kwamba nitarudi, nitavua viatu, nitamwambia baba mdogo afungue lile sanduku. Nilifikiri kwa nguvu sana. Miguu haikugeuka.

"Vuta mlango," baba akasema.

"Ukiwa wazi utapata hewa."

"Vuta, mama. Watu wanapita."

Nilitoka nikauvuta kwa nje, taratibu, mpaka nikasikia komeo limeshika.